Uzoefu Wangu: Kibanda cha Mbao katika Hifadhi ya William O'Brien, Karibu na Minneapolis

Kwa familia inayoishi Minneapolis au St. Paul na inayotamani kulala porini bila kuhangaika na hema, ninapendekeza vibanda vya mbao vinavyokodishwa katika hifadhi za jimbo la Minnesota, mradi mkodishaji aelewe mapema kwamba analipia paa, kitanda na mahali pa kuwashia moto, na kwamba yaliyobaki yote anakwenda nayo mwenyewe. Sisi tulichagua Hifadhi ya William O'Brien, iliyo ukingoni mwa Mto St. Croix unaotenganisha Minnesota na Wisconsin, kwa sababu kutoka mjini ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na tulikuwa na watoto pamoja na mama mkwe aliyekuja kututembelea kutoka Tanga.

Kazi kubwa katika safari hii ni kupata nafasi. Kalenda hufunguliwa siku 120 kabla ya siku ya kuingia, kwa hiyo anayetaka Ijumaa ya katikati ya Julai inampasa awe ameamua tangu katikati ya Machi, wakati theluji bado haijayeyuka na hakuna mtu nyumbani anayewaza kuogelea. Vibanda ni vichache mno ukilinganisha na viwanja vya mahema, na vile vyenye umeme ndivyo vinavyokimbiliwa kwanza. Anayeshindwa kupata wikiendi asikate tamaa upesi, kwa kuwa watu hughairi, na siku za katikati ya wiki huwa na nafasi zaidi. Lakini naye akumbuke kwamba ada ya kuweka nafasi hairudishwi hata akighairi. Zaidi ya kodi ya kibanda kuna kibali cha gari, ambacho ni dola 7 kwa siku au dola 35 kwa mwaka mzima katika hifadhi zote za jimbo, na kila gari hulipiwa lake. Familia mbili zitakazokwenda na magari mawili zifanye hesabu hiyo kabla ya kugawana gharama.

Kibanda chenyewe ni chumba kimoja cha takriban futi 12 kwa 16, chenye vitanda vya dabodeka vinavyotosha watu watano au sita, meza, mabenchi, na mbele yake baraza iliyozungushiwa wavu wa kuzuia mbu. Magodoro yapo, ila shuka, mito na mablanketi hayapo. Ndani hakuna bomba wala choo. Maji huchotwa kwenye bomba la kambi na choo hufuatwa kwa miguu, jambo linalofanya tochi kuwa kitu cha kwanza cha kufungasha ikiwa unasafiri na mzee au mtoto mdogo. Mama mkwe alipoona tunarudi na madumu mkononi aliuliza kwa upole, "Baba Salma, ina maana huku watu hulipa ili wachote maji?" Sikuwa na jibu la maana. Hata hivyo baraza ile ilimpendeza kuliko sebule yetu ya mjini, kwani alikaa humo jioni nzima na kanga yake mabegani, mbu wakilia nje ya wavu.

Kupika ndani ya kibanda ni marufuku, hata kile chenye umeme, na mbwa au paka hawaruhusiwi kuingia. Upishi wote hufanyika nje, palipo na meza na shimo la moto lililozungushiwa chuma, lenye chanja ya kuchomea nyama. Kwa mishikaki chanja hiyo inafaa sana, ila kwa chai na wali ni bora kwenda na jiko dogo la gesi, kwa kuwa sufuria juu ya kuni huko hutoka nyeusi tititi. Kuni zenyewe usizibebe kutoka uani kwako. Mdudu mmoja wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002 na St. Paul mwaka 2009, huua miti ya mwivu (Waingereza huuita "ash") kwa mabuu wanaochimba njia chini ya gome na kukata mirija ya chakula na maji, na husafirishwa mbali zaidi na binadamu wenye kuni garini kuliko na mabawa yake. Nunua kuni zilizoidhinishwa, ambazo kwa kawaida huuzwa hifadhini kwenyewe.

Mchana hapakosi la kufanya. Kuna Ziwa Alice, lenye jina la binti wa mfanyabiashara wa mbao William O'Brien; binti huyo ndiye aliyetoa ardhi ya kuanzishia hifadhi mwaka 1945 kwa kumbukumbu ya baba yake. Watoto huogelea hapo, lakini hakuna mlinzi wa waogeleaji, hivyo mtu mzima asishughulike na simu. Mkazi wa Minnesota anaweza pia kuvua samaki ukingoni mwa ziwa hilo bila leseni. Baada ya kutembea kwenye nyasi, wakagueni watoto kupe, hasa nyuma ya magoti na kwenye nywele, kwa sababu eneo hili lina kupe wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria.

Jambo ambalo sikuliona likiandikwa popote ni ratiba ya giza. Mwezi Juni jua huzama huko yapata saa 3 usiku, na saa 4 usiku kanuni ya ukimya huanza hadi saa 2 asubuhi. Maana yake ni kwamba ukishaswali Magharibi na kuchochea moto, muda wa hadithi gizani ni mfupi mno, na watoto wamekwisha kuchoka. Ndiyo maana ninaona Septemba ni bora kuliko Julai: katikati ya mwezi huo jua huzama kiasi cha saa 1 na robo usiku, mbu wamepungua, majani yameanza kubadilika rangi, na jioni nzima inabaki kwa ajili ya moto. Shule zimekwisha kufunguliwa, kwa hiyo itabidi iwe wikiendi, na usiku una baridi ya kutosha kumfanya mtu ashukuru kwamba amekodi kibanda chenye umeme na hita. Nafasi za katikati ya Septemba hufunguliwa katikati ya Mei.