Chaja ya 80, 90 na 100 kwa betri ya baiskeli ya umeme: nimeitumia, na haya ndiyo maoni yangu

Nianze na hukumu, maana najua wengi husoma mistari ya mwanzo tu kabla ya kutoa pesa. Kama unapanda baiskeli ya umeme kila siku, na safari zako za kawaida hazimalizi betri, sijaona kifaa kinachoirefushia betri maisha kuliko chaja inayowekewa kikomo cha kujaza. Ninayoizungumzia ina swichi ndogo ubavuni yenye ngazi tatu za asilimia ya kujaa, 80, 90 na 100, na kitufe cha kuchagua kasi: ampea 2, 3 au 5. Chaja za namna hii hutengenezwa na watu wengi na zinafanana sana kwa kazi, kwa hiyo sitaji chapa. Ninapima aina yenyewe, na iliyo mkononi mwangu ndiyo mfano.

Betri yangu ni ya volti 48, ampea-saa 13, inakaa juu ya bomba la chini la fremu. Ndani yake seli zimepangwa makundi 13 kwa mfululizo. Kila seli ya lithiamu ya aina hii hujaa ikifika volti 4.2, zidisha kwa 13 utapata 54.6, na ndiyo namba utakayoikuta kwenye kibandiko cha chaja nyingi zinazokuja na baiskeli za volti 48. Chaja hizo hufanya kazi moja tu: husukuma umeme mpaka 54.6, huwasha taa ya kijani, basi.

Hii nyingine niliipima kwa multimita, kile kifaa cha kupimia volti, kabla ya kuiruhusu iguse betri. Kwenye 100 ilitoa 54.5, kwenye 90 ikatoa 53.3, kwenye 80 ikatoa 52.0. Kwa hesabu ya seli moja moja, inaishia takriban 4.2, 4.1 au 4.0. Kati ya ngazi na ngazi ni sehemu moja ya kumi ya volti, na unachonunua ni hicho tu. Mtu asiyejua seli hizi atakwambia umetapeliwa.

Hujatapeliwa. Seli ya lithiamu iliyojaa kabisa ni kama kamba iliyovutwa mpaka mwisho: imetulia kwa macho, lakini ndani inachoka. Upande wa chanya, volti inapokuwa juu sana, kimiminika kinachobeba chaji huanza kuchakaa. Upande wa hasi, juu ya grafiti, kuna utando mwembamba unaozidi kunenepa, na unaponenepa unanasa lithiamu ambayo hairudi tena kazini. Hapo ndipo uwezo wa betri unapopotelea. Jambo hili linaendelea hata baiskeli ikiwa imeegeshwa ndani na hakuna aliyeigusa, na joto linalichochea. Kwa hiyo betri inayojazwa jioni, ikalala imejaa, ikashinda imejaa siku mbili za mapumziko, inazeeka bila kupanda mlima wowote. Kuna kanuni ya kukadiria inayotumiwa sana na wanaoshughulika na betri hizi: kila ukishusha kikomo kwa volti 0.1 kwa seli, idadi ya mizunguko, yaani kutumia betri nzima na kuirudisha, ambayo betri itavumilia inakaribia kuongezeka maradufu. Ni makadirio, na seli hutofautiana, lakini mwelekeo wake hauna ubishi.

Inanisikitisha kwamba ushauri unaosikika zaidi bado ni ule wa zamani: "Iache iishe kabisa, kisha ichaji mpaka ijae, isije ikazoea vibaya." Ushauri huo ulitoka kwenye betri za nikeli na kadimiamu, na huko ulikuwa na mantiki. Betri za risasi nazo zilitaka kujazwa kila mara, zikiachwa nusu zinaharibika. Seli za lithiamu, zilizoingia sokoni mwaka 1991, zina tabia nyingine kabisa. Zinapenda katikati. Kuishusha mpaka sifuri kila siku kunaiumiza, na kuijaza mpaka juu kila siku kunaiumiza. Kuchaji kidogo kidogo hakuna dhambi yoyote: ukitumia nusu leo ukarudisha, kesho nusu ukarudisha, umehesabiwa mzunguko mmoja, si miwili.

Matumizi yangu ya kila siku ni ngazi ya 80, ampea 2 nikiwa na muda, ampea 3 nikiwa na haraka. Ampea 5 nimeigusa mara chache, kwa sababu kwa betri ya ampea-saa 13 sioni faida ya kuikimbiza hivyo wakati nina saa nzima za kusubiri. Swali ambalo kila mtu huniuliza ni kama hiyo 80 inatosha. Piga hesabu yako. Volti 48 mara ampea-saa 13 ni wati-saa 624. Nikipedali kwa msaada wa wastani natumia kama wati-saa 12 kwa kilomita. Betri iliyojaa ingenipeleka kilomita 52. Kwa asilimia 80 ni kama 42. Safari yangu ya kwenda na kurudi iko chini ya nusu ya hapo, na nafika nyumbani betri ikiwa bado ina akiba nzuri, jambo ambalo nalo ni afya kwake. Ngazi ya 90 naiweka siku ya upepo mkali au mzigo. Ngazi ya 100 ni ya safari ndefu, na hapo naangalia saa: nataka ijae karibu na muda wa kuondoka, isikae imejaa usiku kucha.

Kuna faida ndogo ambayo sikuitarajia. Chaja yoyote ya lithiamu husukuma ampea zilezile mpaka volti ifike kikomo, kisha ampea zinaanza kupungua polepole, na ule mkia wa mwisho huchukua muda mrefu kwa umeme kidogo. Kikomo kikishuka, kazi inaisha mapema zaidi. Kwa hiyo naweza kuchaji nikiwa macho, niko karibu, badala ya kuiacha ikichaji nimelala. Kwangu hilo peke yake lina uzito, maana betri kubwa ya lithiamu ikiamua kuwaka haizimwi kwa urahisi, na sipendi ichajiwe mahali ambapo ndiyo njia pekee ya kutokea.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwenye boksi. Ndani ya betri kuna bodi ya ulinzi, BMS, na moja ya kazi zake ni kusawazisha yale makundi 13 ili yasipishane. Bodi nyingi hufanya usawazishaji huo seli zinapokaribia kujaa tu. Ukikaa kwenye 80 moja kwa moja, makundi yanaanza kuachana taratibu: moja linafika juu mapema, jingine linabaki nyuma. Dalili yake ni betri kukata ghafla mlimani ilhali skrini bado inaonyesha vijiti viwili. Lile kundi dhaifu limegusa chini kabla ya wenzake, na bodi imefunga njia ili kuliokoa. Dawa ni kuiweka kwenye 100 mara moja kwa mwezi hivi, kuiacha kwenye chaja saa moja au mbili baada ya taa kugeuka kijani, halafu kwenda kuitumia siku hiyohiyo. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na chaja yangu haina hata mstari mmoja kuhusu hili, na naona ni kosa kubwa, kwa sababu mtu anaweza kuinunua kwa nia njema akaishia na betri isiyo sawa.

Dosari nyingine ziko kwenye umbo lake. Swichi ya ngazi haina kifuniko wala kufuli. Ukiisogeza chaja kwa mkono, kidole kinaigusa, na kutoka 80 inaruka hadi 90 bila mlio wowote. Taa inawaka kijani ileile kwa ngazi zote tatu, kwa hiyo huwezi kujua kwa mbali imeishia wapi. Nimebandika kipande cha utepe juu ya swichi, kinafanya kazi, ila kifaa cha bei hii kingekuja na kitu cha maana zaidi. Feni yake inasikika, chumbani usingeipenda. Na ni nzito kuliko chaja ya kawaida, haibebeki kirahisi mkobani, hivyo ile ya kawaida bado naitunza kwa safari.

Kwenye plagi nisikilize vizuri. Chaja hizi huuzwa na vichwa tofauti, na kichwa kuingia kwenye tundu la betri yako hakumaanishi kwamba vinaelewana. Kwanza, hakikisha chanya na hasi ziko upande sahihi. Multimita inakwambia kwa sekunde chache, na alama ya kutoa ikitokea kwenye skrini yake, usichomeke. Pili, hakikisha volti. Betri zinazoitwa za volti 52 zina makundi 14 na hujaa kwa 58.8. Chaja yake inaweza kuwa na kichwa kilekile kabisa, na ukiichomeka kwenye betri ya volti 48 kinachobaki kati yako na hatari ni bodi ya ulinzi peke yake. Betri za lithiamu zenye fosfeti ya chuma nazo ni ukoo mwingine, seli zake hujaa karibu na volti 3.65, na ngazi za chaja hii hazizihusu hata kidogo. Na kama baiskeli yako ni ya mfumo uliofungwa, ambao betri na chaja huwasiliana zenyewe, kama mifumo ya Bosch, baki na chaja ya mtengenezaji.

Chaja hii haitafanya kila kitu. Haizuii joto. Nikirudi kutoka mlimani naweka kiganja juu ya kasha la betri. Nikihisi uvuguvugu, naiacha ipoe kwanza ndipo nichomeke. Haijui baridi pia: seli ya lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri, lithiamu inaganda kama metali juu ya grafiti badala ya kuingia ndani yake, na madhara hayo hayarudi nyuma. Penye baridi kali, betri iingizwe ndani ikae mpaka ipate joto la chumba. Na ikiwa baiskeli itapumzika wiki nyingi, hata 80 ni nyingi mno. Iache kati ya asilimia 30 na 60, mahali pakavu na pa ubaridi wa wastani, uiangalie kila mwezi au miwili kwa sababu bodi ya ulinzi nayo inakunywa umeme kidogo kidogo. Betri iliyosahauliwa mpaka seli zikashuka chini ya volti 2.5 si ya kufufua kwa ujanja wa fundi, ni ya kupeleka kwa wanaochakata betri.

Upandaji nao una mchango, ila huo hauuzwi dukani. Badili gia kabla mlima haujaanza, upepo wa matairi uwe wa kutosha, na kwenye kuondoka sukuma pedali kwanza mota ifuate. Mota inayozunguka polepole chini ya mzigo inavuta ampea nyingi, nyingi zinageuka joto, na betri ndiyo inayolipa.

Nani asiinunue? Anayemaliza betri yake yote kila siku. Huyo anahitaji betri kubwa zaidi, na 80 itamkera. Pia asiyetaka kabisa kushika multimita, na hana mtu wa kumsaidia kuishika. Kwa mwenye bajeti ndogo kuna njia ya mkato ninayoiheshimu: soketi yenye saa, ile unayoiwekea muda wa kuzima. Chaja ya kawaida ya ampea 2 ikifanya kazi saa mbili inarudisha kama ampea-saa 4, yaani karibu asilimia 30 ya betri kama yangu. Ukiingia nyumbani na 50, weka saa mbili, utaishia karibu na 80. Si sahihi kama chaja yenyewe, na inakutaka ufanye hesabu kila siku, lakini seli hazitajua tofauti.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile swichi na ile karatasi ya maelekezo isiyosema lolote kuhusu usawazishaji. Ukiamua kuagiza, andika kwanza mambo matatu kutoka kwenye kibandiko cha betri na chaja unayotumia sasa: volti ya kujaa, aina ya kichwa pamoja na upande wa chanya, na ampea za juu kabisa ambazo betri inaruhusu kuchajiwa. Muuzaji asiyeweza kukujibu kuhusu hayo matatu, tafuta mwingine.