Rose Bengal: kipimo cha bei nafuu cha ugonjwa wa kutupa mimba (brusela)

Kwa maabara ya mifugo ya wilaya inayotaka kujiweka tayari kabla ng'ombe hawajaanza kutupa mimba, kitendanishi hiki (kimiminika cha kupimia) ndicho cha kwanza kuwekwa kwenye friji. Hakihitaji mashine. Kigae cheupe, pipeti, vijiti na saa vinatosha.

Kitunze kwenye nyuzi 2 hadi 8, wala usikigandishe: kikiganda hufanya chembechembe, na sampuli safi ikaonekana ina ugonjwa. Kabla ya kupima, kitoe pamoja na seramu (maji ya damu ya mnyama) vipate joto la chumba. Weka seramu mikrolita 30 na kitendanishi kiasi hichohicho, koroga hadi duara la sentimita 2, tikisa dakika 4 kamili, soma papo hapo: mgando ni dalili ya ugonjwa. Ukichelewa, tone hukauka kingoni likafanana kabisa na mgando. Kwa mbuzi na kondoo, tumia mikrolita 75 za seramu kwa 25 za kitendanishi, la sivyo baadhi ya wagonjwa watakuponyoka.

Kasoro kubwa: ng'ombe aliyechanjwa S19, chanjo ya ugonjwa huu, anaweza kuonekana mgonjwa, kwa hiyo majibu chanya yathibitishwe kwa ELISA, kipimo kingine cha maabara cha kutafuta kingamwili. Na glavu, jamani, bakteria wa ugonjwa huu huambukiza binadamu pia.