MOTS-c: ya sindano au ya jasho lako mwenyewe?

Siku hizi kwenye magym watu wanaiongelea MOTS-c kama dawa ya miujiza, haya tuiweke hapa pembeni ya mazoezi ya kawaida tuone. Hii kitu ni peptidi fupi, yaani kipande kidogo cha protini chenye asidi amino 16 tu, na maelekezo ya kuitengeneza yako ndani ya DNA ya mitokondria yenyewe (vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli), sio kwenye kiini cha seli. Ilitangazwa 2015 na timu ya Changhan Lee na Pinchas Cohen kule Chuo Kikuu cha Southern California.

Ya sindano: panya walilishwa mafuta mengi huku wanachomwa MOTS-c, hawakunenepa kama wenzao na insulini ikaendelea kufanya kazi, maana inaiwasha AMPK, ile swichi inayoiambia seli ichome sukari na mafuta, halafu panya wazee nao wakakimbia karibu mara mbili ya wenzao. Safi sana, ila ndo hivyo, ni panya. Haijaidhinishwa kuwa dawa, na kama unashindana ujue WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, wameipiga marufuku.

Ya jasho: utafiti wa 2021 uliwapandisha vijana wa kiume baiskeli ya mazoezi, MOTS-c kwenye misuli yao ikapanda karibu mara 12 na kwenye damu ikaongezeka kama nusu hivi. Tena hapo moyo na mapafu navyo vimepata chao, bure kabisa. Mi naenda na baiskeli, sindano tuongee majaribio makubwa ya binadamu yakitoka.