Filamu ya Bernie: tumecheka sana, ila marehemu hana wa kumtetea

Bernie inaanza na maiti. Jack Black, anayemwigiza Bernie, suti safi na masharubu yaliyochongwa vizuri, amesimama mbele ya wanafunzi wa kazi ya mazishi akiwaonyesha namna ya kumwandaa marehemu. Anamfumba kope kwa gundi, anampunguza vinyweleo, anamtia rangi kidogo usoni, huku akieleza kwa upole wa mtu anayeipenda kazi yake. Hatamki utani wowote. Na bado pale sebuleni watu walianza kuguna, halafu kucheka chini chini, halafu kutazamana kuona nani kaanza. Wifi yangu, ambaye ni muuguzi na maiti si kitu kigeni kwake, alisema tu, "Huyu anajua kazi."

Kwa ambaye hajaiona: ni filamu ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Richard Linklater, na kisa chenyewe kilitokea. Kule Carthage, mji mdogo mashariki mwa Texas, Bernie Tiede alikuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mazishi. Anaimba kanisani, anafariji wajane, anakumbuka jina la kila mtu na la mtoto wake. Mwaka 1990 akamzika tajiri mmoja wa mambo ya benki, na kutoka kwenye msiba huo akazoeana na mjane, Marjorie Nugent, mama mwenye pesa nyingi na marafiki wachache. Wakawa hawaachani. Wakasafiri pamoja, akapewa kusimamia mambo yake yote, mpaka wosia ukaandikwa kwa jina lake. Novemba 1996 Bernie akampiga risasi nne mgongoni. Bernie alikuwa na miaka 38, Marjorie 81. Akamweka kwenye friza la nyumbani, akarundika vyakula vilivyogandishwa juu yake, akaendelea na maisha kwa miezi tisa, akigawa pesa za yule mama kwa mji mzima kama vile kachaguliwa kuwa meya.

Sasa, watu wengi wanaposikia "komedi ya mauaji" wanategemea damu nyingi na majambazi wajinga wanaoangusha bunduki. Hapa hamna. Kinachochekesha ni mdomo wa mji. Linklater amewakalisha watu wa kule, mmoja mmoja, mbele ya kamera, kwenye kiti cha mgahawa au cha saluni, wasimulie wanavyomjua Bernie. Wengine ni waigizaji, wengine ni wakazi wa Carthage kweli kweli, waliowajua wote wawili, na kuwatofautisha ni kazi. Nilijaribu, nikashindwa, nikaacha. Ule ni umbea safi. Mtu anaanza na "mimi si mtu wa kusema watu", halafu huyo, kijumba kizima kinabomoka.

Kuna mzee mmoja, Sonny Carl Davis ndiye anayemwigiza, anaeleza kwamba Texas ni nchi tano au sita zilizoshonwa pamoja. Ramani inachorwa kwenye skrini huku akiupitia kila upande na kuutupia neno lake: wa Dallas na majivuno yao, wa Austin na mambo yao ya kimajuu, wa magharibi na jangwa lao. Akifika kwao, mashariki, nyuma ya misonobari, sauti inalainika. Dakika moja na ushee hivi, na ukishaisikia umeshaelewa ni kwa nini kesi hii ilikuwa ngumu kuiendesha pale.

Kwa sababu Carthage walikataa. Mwili umetolewa kwenye friza, Bernie mwenyewe amekiri, na watu bado wanasema hapana, kijana wetu hawezi. Na kama aliweza, basi mama alimchokoza. Kuna mmoja anatetea kwamba risasi zenyewe zilikuwa nne tu, hazikufika tano. Hapo mdogo wangu alidondosha rimoti. Mwendesha mashtaka wa wilaya, Danny Buck Davidson, akajikuta kwenye hali ambayo huwa haitokei: kwa kawaida wakili wa mshtakiwa ndiye anayeomba kesi ihamishwe kwa kuogopa mji wenye hasira. Hapa mwendesha mashtaka ndiye aliyeomba, kwa kuogopa mji wenye mapenzi. Ikahamishiwa San Augustine. Na hilo ni la kweli, si la mwandishi wa skripti.

Jack Black. Mimi huwa simvumilii. Kelele, nyusi juu chini, mwili unarushwa huku na kule. Hapa amejifunga. Anatembea kwa hatua fupi, viganja vimekunjwa mbele ya tumbo, na akiimba tenzi ndani ya gari anaimba kwa dhati, hakejeli. Ndiyo maana unampenda, na ndiyo maana baadaye unajishuku. Shirley MacLaine, ambaye ndiye Marjorie, kwa upande wake anafanya mengi kwa maneno machache. Tazama pale wanapokula. Anatafuna. Anatafuna tonge lile lile, taratibu, macho mbele, na Bernie pembeni anamtazama yale mataya yanavyokwenda. Hakuna anayesema neno. Sijawahi kuona ndoa isiyo ndoa ikielezwa vizuri hivyo kwa mdomo uliojaa chakula. Matthew McConaughey, ambaye amekulia Longview, mwendo mfupi tu kutoka Carthage, anamcheza Danny Buck kama mtu anayependa kamera kuliko anavyopenda haki, na kwa bahati mbaya ndiye peke yake mwenye hoja sahihi.

Hapo ndipo tulipogombana.

Tulikuwa wanne sebuleni na maoni yakawa manne. Mdogo wangu anasema ni filamu bora ya aina yake aliyowahi kuona, na kwamba Bernie alistahili kifungo chepesi. Wifi anasema yeye kacheka mwanzo, lakini lilipofunguliwa lile friza hakucheka tena, na alitushangaa sisi tulioendelea. Shangazi hakucheka kabisa. Alikaa mpaka mwisho, akafunga kanga yake vizuri, akauliza, "Huyo bibi angekuwa mama yenu, mngenunua bisi?" Hakujibiwa.

Mimi nilicheka sana, na sirudishi. Lakini Shangazi kagusa penye kidonda cha filamu hii. Hesabu mashahidi. Kila anayekaa kwenye kile kiti na kumzungumzia Marjorie ni mtu aliyempenda Bernie, au aliyefaidika na pesa alizogawa, au vyote viwili. Wanasema alikuwa mkali, bahili, hana salamu, kagombana hadi na ndugu zake. Huenda ni kweli. Ila yeye hana kiti. Hakuna rafiki wa shuleni, hakuna jirani wa zamani, hakuna hata mtu mmoja wa kusema "nakumbuka siku fulani alinifanyia hivi". Anayebaki kusema kwa niaba yake ni Danny Buck, naye filamu imeshamgeuza kichekesho kwa kofia na majivuno yake. Mtu kauawa mara moja na bunduki, halafu saa moja na nusu ya umbea inamalizia.

Watetezi wa filamu wana jibu, na si jibu jepesi. Mpwa wa Marjorie, ambaye ni mwandishi wa habari, aliandika makala kwenye gazeti la New York Times mwaka 2012 kuhusu shangazi yake na lile friza. Hakumpamba hata kidogo. Kwa maelezo yake, ukali ule haukutungwa na watu wa sinema. Basi ukisema Linklater kamsingizia marehemu, utakutana na ndugu wa damu anayesema hapana, ndivyo alivyokuwa. Ila pia wako wa ukoo huo huo walioichukia filamu na kila kilichofuata baada yake, na mimi siwalaumu. Mtu anaweza kuwa mkali kwa miaka 81 na bado asistahili kulala chini ya mfuko wa mahindi.

Wanaoniambia "ni komedi tu, tulia" nawaomba waitazame tena ile ya mahakamani. Ni sehemu fupi lakini ndiyo yenye akili kuliko zote. Danny Buck hana haja ya kuthibitisha mauaji, mtu kashakiri. Anachofanya ni kumuuliza Bernie maswali ya safari zake: alikaa daraja gani kwenye ndege, alikwenda kuangalia michezo gani ya jukwaani, samaki huliwa na mvinyo gani. Bernie, maskini, anajibu kwa ukamilifu na adabu, anajua majibu yote. Na kila jibu sahihi linamzamisha, kwa sababu wale raia wa kawaida wanaosikiliza kesi, watu wa kutoka San Augustine, wanamwona pole pole akigeuka kutoka kijana mwema wa kanisani kuwa mtu wa maringo. Hajafungwa kwa sababu ya mvinyo, lakini unaona jinsi mtu anavyohukumiwa kwa vitu vinavyokaa pembeni ya kosa. Carthage walimsamehe kwa tabasamu lake, San Augustine wakamchukia kwa mvinyo wake. Hakuna upande uliokuwa ukimfikiria mama aliyekufa. Hapo Linklater alijua anachofanya, na kama angeweka sehemu mbili zaidi za namna hiyo ningenyamaza kabisa.

Mdogo wangu aliuliza kama yote haya ni kweli au ni kama ile filamu ya Fargo ya mwaka 1996 inayoanza kwa kutangaza ni kisa cha kweli wakati karibu yote ni ya kutunga. Hii ya Bernie si ya kutunga. Linklater aliandika skripti pamoja na Skip Hollandsworth, ndiye aliyeandika kisa hiki kwenye jarida la Texas Monthly mwaka 1998, kabla hata kesi haijasikilizwa. Majina ya wahusika wakuu yameachwa yalivyo. Ndiyo maana nadhani hii si filamu ya kutazama na kusahau. Mwaka 1999 Tiede alipewa kifungo cha maisha. Filamu ikatoka, wakili mmoja akaiona, akaanza kuchimba upya, akaja na maelezo kwamba Bernie aliwahi kudhulumiwa kingono utotoni na kwamba hilo lilistahili kusikika kabla ya hukumu. Danny Buck yule yule akakubali kwamba adhabu ilizidi. Mei 2014 Bernie akatoka kwa dhamana, kwa sharti la kwenda kuishi kwa nani? Kwa Linklater mwenyewe, Austin, kwenye chumba cha juu ya gereji. Mwongozaji akawa mwenye nyumba wa mhusika wake.

Miaka miwili baadaye ikaitwa kesi mpya ya adhabu tu, huko Henderson, mji mwingine wa mashariki mwa Texas. Safari hii ndugu wa Marjorie walisikika. Aprili 2016 akarudishiwa kifungo: miaka 99 hadi maisha. Na mwaka 2023, akiwa ndani, akafungua kesi dhidi ya magereza ya Texas kwa sababu ya joto kali la seli zisizo na kiyoyozi. Soma tena sentensi hiyo ukikumbuka friza. Mwandishi wa skripti akikuletea hiyo unamwambia apunguze. Na joto lenyewe si la utani, wafungwa wa kule wamelilalamikia kwa miaka mingi, hata nami nikajikuta namwonea huruma mtu yule yule ambaye nusu saa kabla nilikuwa namgombeza. Filamu inakufanyia hivyo hivyo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeikata kwa ajili ya Marjorie. Dosari nyingine ni ndogo: katikati, baada ya mauaji, kuna kipande kinachozunguka, Bernie anagawa, anaimba, anagawa tena, na ungeweza kwenda kuchemsha chai usikose kitu. Sauti ya lafudhi ya mashariki mwa Texas pia ni nzito, weka maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni cha kujivunia, maana nusu ya vichekesho viko kwenye namna wanavyoburuta maneno. Hamna damu ya kutisha, lakini ile ya mwanzo ya kuandaa maiti na ile ya friza si za kutazama na watoto, wala na mtu aliyetoka msibani juzi.

Na msizime majina yanapoanza kupita. Wameweka picha za Marjorie na Bernie wenyewe, na video fupi ya Jack Black akiwa gerezani anaongea na Bernie halisi, wamekaa wanaelewana kama watu waliosoma pamoja. Mdogo wangu alipiga makofi. Shangazi alikuwa ameshasimama, akaiona akiwa mlangoni, akasema huyo wa kweli ana uso wa upole kuliko wa kuigiza, na kwamba hilo ndilo linalomtia hofu zaidi.