The Office: ya Uingereza au ya Marekani?

The Office ni tamthilia ya vichekesho ya TV kuhusu maisha ya ofisini, na zipo mbili. Ya Uingereza unaimaliza wikiendi moja: vipindi 12 vya 2001 na 2002, pamoja na viwili vya Krismasi vya 2003, basi. Ya Marekani ina vipindi 201, kuanzia 2005 hadi 2013. Hapo ujipange.

Zote mbili zinaanza na utani uleule wa stepla iliyozamishwa ndani ya jeli. Baada ya hapo kila moja inashika njia yake. Kwa Waingereza bosi ni David Brent, anayeigizwa na Ricky Gervais, na anachekesha mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Ile densi yake mbele ya wafanyakazi, mikono huku, miguu kule, uso umekaza kama anagombea kombe, mimi huitazama nimeziba jicho moja. Halafu anapoachishwa kazi anawasihi wakubwa wambakize, na kicheko kinakukwama kooni.

Michael Scott, bosi wa Kimarekani anayeigizwa na Steve Carell, naye ni kituko. Huyu ndiye aliyeunguza mguu kwenye kikaangio cha umeme alichokiweka kando ya kitanda! Ila kuanzia msimu wa pili waandishi walimlainisha. Unaanza kwa kumwonea huruma, mara umeshampenda. Tatizo aliondoka 2011, wenzake wakaendelea misimu miwili bila yeye, na ikaburuzika (kipindi cha mwisho kilinitoa chozi hata hivyo, nakiri).

Ya kuwasha huku unapiga pasi, nachukua ya Marekani. Kwa uandishi, ya Uingereza, wala sisiti.