Kymriah: seli za mgonjwa mwenyewe zinapogeuzwa kuwa dawa

Kymriah ya kampuni ya Novartis iliidhinishwa nchini Marekani tarehe 30 Agosti 2017, ikawa tiba ya kwanza ya seli T (chembe nyeupe za damu zinazoulinda mwili) zilizobadilishwa vinasaba kuruhusiwa kuuzwa huko kwa ajili ya saratani. Haikai kwenye rafu ya duka la dawa, kwa sababu kila mfuko hutengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu, kutokana na seli zilizotolewa kwenye damu yake. Naitathmini kama bidhaa kwa kuwa inauzwa kwa bei, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa ambayo tiba ya saratani ya watoto imewahi kupata, ingawa kasoro zake ni nzito na mzazi ana haki ya kuzijua mapema.

Ubora wake unaanzia kwenye seli T za kuua, ambazo kila mtu mwenye kinga timamu anazo. Karibu kila seli ya mwili huchukua vipande vya protini zilizoundwa ndani yake na kuvitoa nje kwenye utando wake, vikiwa vimeshikiliwa na molekuli ziitwazo HLA. Seli T ya kuua hupita ikivikagua kwa kuvigusa; ikikuta kipande cha kirusi, au cha protini iliyoharibiwa na saratani, hunata hapo hapo, husogeza vifuko vyake vya sumu upande wa ile iliyoshikwa, kisha humwaga perforini inayotoboa utando na granzimu zinazopenya ndani na kuilazimisha seli hiyo ijiue yenyewe. Muuaji hubaki mzima, hujibandua, akaendelea na nyingine. Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, waliogundua huko Canberra, Australia, katika miaka ya 1970 kwamba seli T hutambua kirusi pale tu kinapooneshwa pamoja na HLA ya mwili wenyewe, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Hapo ndipo saratani nyingi hupata upenyo, kwani seli zake hupunguza HLA, na seli T inapofika haikuti cha kuitambulisha.

Kymriah hurekebisha jambo hilo moja. Damu ya mgonjwa hupitishwa kwenye mashine inayotenga chembe nyeupe na kumrudishia zilizobaki, kisha chembe hizo hugandishwa na kupelekwa kiwandani, ambako seli T hupandikizwa jeni ya kipokezi kipya kwa kutumia lentivirusi, kirusi cha ukoo mmoja na VVU kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana. Kipokezi hicho huitambua moja kwa moja protini ya CD19 iliyo juu ya seli B, yaani chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili na ambazo ndizo zinazogeuka kuwa saratani inayotibiwa hapa, bila kuhitaji HLA. Silaha hazikubadilishwa: perforini na granzimu ni zile zile. Baada ya wiki kadhaa seli hurudishwa hospitalini, mgonjwa hupewa tibakemikali ya kupunguza seli T zake za zamani, na hatimaye huwekewa dripu inayokwisha kwa dakika chache.

Idhini ile ya kwanza ilihusu watoto na vijana wa hadi miaka 25 wenye lukemia kali ya limfoblasti ya seli B, aina ya saratani ya damu, iliyokataa kutibika au iliyorudi mara ya pili na kuendelea, yaani watu ambao madaktari walikuwa wamebakiwa na machache ya kuwapa. Katika jaribio lililoifikisha sokoni, kati ya wagonjwa 75 waliowekewa seli hizo, asilimia 81 waliondokewa na dalili za saratani ndani ya miezi 3. Sijui dawa nyingine ambayo ingethubutu kuahidi hivyo kwa wagonjwa wa namna hiyo.

Hatari yake inatoka kwenye nguvu ile ile. Seli T zinapoua kwa wingi humwaga saitokini, kemikali za kuamsha kinga, na asilimia 77 ya wagonjwa wa jaribio walipata dhoruba hiyo ya homa kali na kushuka kwa shinikizo la damu. Emily Whitehead, mtoto wa kwanza kupewa tiba hii, huko Philadelphia mwaka 2012 akiwa na miaka 6, aliponea chupuchupu baada ya kupewa tosilizumabu, dawa iliyokuwa ikitumika kwa ugonjwa wa baridi yabisi. Zaidi ya miaka 10 baadaye saratani yake haikuwa imerudi. Aidha, seli B zenye afya nazo huuawa, hivyo baadhi ya wagonjwa huhitaji kuongezewa kingamwili kwa muda mrefu. Kwa wengine lukemia hurudi ikiwa imeivua CD19, na kipokezi kilichogharimu fedha nyingi hakina tena cha kushika. Lazima isemwe wazi kwamba haitibu saratani ya matiti wala ya mlango wa kizazi, na anayemwambia mgonjwa vinginevyo anampotosha.

Bei ndiyo kasoro ninayoshindwa kuisamehe. Ilipoingia sokoni iligharimu dola 475,000 za Marekani, kabla ya kuhesabu kitanda, vipimo na chumba cha wagonjwa mahututi. Mwezi Oktoba 2023 India iliidhinisha NexCAR19, iliyobuniwa kwa ushirikiano wa chuo cha teknolojia cha IIT Bombay na Hospitali ya Tata Memorial, ambayo nayo hulenga CD19 na huuzwa kwa takriban sehemu ya kumi ya bei hiyo, ingawa idhini yake inaanzia umri wa miaka 15. Kwa familia za Tanzania, Kenya na Uganda, ambazo tayari hupeleka wagonjwa wa saratani India, hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na uwezo wao. Kabla ya kulipa, iulizeni hospitali kama tosilizumabu ipo tayari wodini, nani atamlinda mgonjwa usiku, na kama makadirio ya gharama yamejumuisha wiki za kukaa karibu na hospitali baada ya dripu.