Rubavu hadi Rusizi kwa baiskeli, pamoja na bonde la Bugarama: uzoefu wangu

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imeponyoka kwa sababu ya namna njia hii inavyonadiwa. Congo Nile Trail, njia ya kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda, kilomita 227 kutoka Rubavu (jirani na Goma) hadi Rusizi (ng'ambo tu ya Bukavu), huonyeshwa kwenye picha kama matembezi ya polepole kando ya maji. Maji utayaona kweli, karibu siku nzima. Ila mara nyingi utayaona kutoka juu, ukiwa unahema.

Sababu ni umbo la ziwa lenyewe. Zamani mito ya hapa ilielekea kaskazini, hadi lava ya volkano za Virunga ilipoziba njia yake. Maji yakapanda na kufunika mabonde. Kwa hiyo kila ghuba unayoipita ni bonde la mto lililozama, na kila rasi ni mgongo wa kilima uliobaki nje. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Njia inapanda mgongo mmoja, mita mia mbili au tatu, inazishusha zote hadi kwenye kijito, halafu inaanza mgongo unaofuata. Ramani ya kawaida haikuambii hayo.

Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kuondoka ni gia. Jumla ya kilomita hainisumbui. Kwa meno 28 mbele na 36 nyuma, gurudumu la inchi 29, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza chini kidogo ya mita 1.8. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kama kilomita 6 kwa saa, mwendo wa kupanda na mzigo bila kuua magoti. Ukiwa na meno 38 mbele na 28 nyuma, mwendo uleule unakulazimu kuzungusha kama mara 34 kwa dakika, yaani unasimama juu ya pedeli kila mlima. Baiskeli nzito isiyo na gia, zile za kubebea ndizi na makopo ya maziwa, zinapita hapa kila siku, lakini wenyewe wanasukuma kupanda na kuteremka wameketi. Si aibu kuiga, mradi ujue hesabu yako ya saa imebadilika.

Nusu ya kaskazini ndiyo inayostahili safari. Kutoka Rubavu hadi Rubona, penye kiwanda cha bia, barabara inakwenda kando ya ziwa na ni tambarare. Mtu akitaka kujaribu mzigo wake, ajaribu hapo, maana kurudi mjini bado ni rahisi. Baada ya hapo ni udongo: Kinunu kwenye kahawa, Musasa, hadi Karongi. Vijia vingine ni vya upana wa mtu mmoja na mbuzi wake. Kutoka Karongi kwenda kusini mimi nachukua lami. Barabara ya Kivu Belt ni nzuri, miteremko yake imepimwa, na vipande vingi vya njia ya zamani vinagusana nayo au vinaikata, hivyo kung'ang'ania udongo hakukupi kitu kipya. Mwenye baiskeli ya matairi membamba anaweza kufuata lami mwanzo hadi mwisho. Kati ya Karongi na Rubavu ni kilomita mia moja na kitu, ila lami inapita juu milimani na ziwa linakuwa la kuchungulia tu.

Matairi: upana wa inchi 2, hewa bari 2.5 nyuma na 2.2 mbele kwa mtu wa kilo 75 mwenye mzigo wa kilo 10. Ukijaza zaidi, gurudumu linaruka kwenye mawe na skrubu za keria zinalegea. Hizo skrubu ndizo huharibu safari nyingi. Ni ndogo, za milimita 5, mbili juu na mbili chini, na mtikisiko wa siku ya kwanza unatosha kuilegeza moja. Ikidondoka, uzito wote unahamia kwa wenzake na sikio la fremu linapasuka. Zikaze kila jioni, weka nati zenye plastiki ndani, na beba mbili za akiba. Mpira wa ndani uliokufa usiutupe. Ukate vipande virefu kama wanavyofanya watu wa chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) Goma. Hakuna kamba inayoshika mzigo kuliko huo.

Sasa tope. Udongo wa Rutsiro, kati ya Rubavu na Karongi, ni mwekundu, wa mfinyanzi, na mvua ya nusu saa inaugeuza gundi. Unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma. Hapo ndipo watu wanakosea: wanakanyaga pedeli kwa nguvu, cheni inavuta, mkono wa gia wa nyuma unaingia kwenye spoku, na kile kichuma kinachoushikilia kwenye fremu kinavunjika. Kichuma hicho kina umbo lake kwa kila aina ya baiskeli, fundi wa kijijini hana, kwa hiyo njoo na chako. Gurudumu likigoma, shuka, kwangua kwa kijiti, beba baiskeli hadi penye majani. Vifuniko vya tope vivue kabisa kabla ya kuondoka Rubavu. Au subiri tu: mvua nyingi hunyesha alasiri, na jua la asubuhi hukausha njia kwa saa mbili tatu. Juni hadi Agosti tope halipo, ila vumbi linachanganyika na mafuta ya cheni na kuwa msasa. Paka mafuta kidogo, kisha pangusa hadi cheni ionekane kama haina kitu.

Machi hadi Mei sikushauri kabisa. Mwanzoni mwa Mei 2023 mvua ya usiku mmoja iliporomosha vilima vya Rubavu, Rutsiro na Karongi, mto Sebeya ukafurika, watu zaidi ya 130 wakafa. Miinuko ni ileile na udongo ni uleule.

Breki za waya nazipendelea kuliko za mafuta. Za mafuta ni kali zaidi, lakini zikiingia hewa huko Nyamasheke, kati ya Karongi na Rusizi, utamwita nani? Waya unauziwa sokoni. Beba jozi mbili za raba au pedi. Mteremko usiuburuze kwa breki iliyoshikwa kidogo muda wote, kwa sababu rimu inapata moto na mpira wa ndani unaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, bana tena.

Baiskeli za kukodi Rubavu zinatosha kwa asiye na yake, ila zipime kabla ya kulipa. Niliyopewa mimi ilikuwa na cheni iliyokwisha na mwenyewe akaapa ni mpya. Rula haina ubishi: pingili 12 kamili, yaani vipande 24, ziwe sentimita 30.5. Zikifika 30.7, cheni itaruka meno mlimani. Zungusha gurudumu la nyuma uangalie kama linacheza kushoto na kulia, na gonga spoku za upande wa cheni. Inayolia tofauti na wenzake ndiyo itakayokatika.

Kuvuka. Kwetu wa Bukavu, mpango mzuri ni kupanda boti hadi Goma, kuvuka, kisha kuendesha kurudi nyumbani. Kabla ya kununua tiketi uliza mpaka unafungwa saa ngapi wiki hiyo. Karatasi ya siku moja wanayotumia wachuuzi haitoshi, kwa kuwa utalala upande wa pili. Botini funga baiskeli mwenyewe kwa kamba yako, mkono wa gia ukiangalia juu, la sivyo magunia yatailalia. Saa hazibadiliki na upande wa kuendesha ni uleule wa kulia. Ila saketi zetu nyeusi za kukinga nguo na mvua zitabaki mpakani, Rwanda haitaki mifuko ya plastiki. Tumia bashi (turubai) nene au mabegi yasiyopitisha maji. Pesa badilisha mapema, vijijini dola ni karatasi ya kutazama. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi, ndugu wa salongo yetu lakini wenyewe hawatanii, maduka yamefungwa hadi karibu saa tano. Kula kabla.

Kiswahili kinakufikisha Rubavu na Rusizi bila taabu. Katikati ya Rutsiro jifunze salamu za Kinyarwanda, hata kama tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi huko. Chakula ni ndizi, maharage, viazi, na karibu na maji sambaza (samaki wadogo) wa kukaanga. Nyumba za wageni za Kinunu na Karongi ni safi. Wenye mahema nawaonya jambo moja: upande wa Goma, usilale kwenye vishimo vilivyo kando ya ziwa. Mazuku, ile hewa ya kaboni inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia bondeni usiku pasipo na upepo, na haina harufu. Ukiona panya au ndege wamekufa mahali pamoja, ondoka upande wa juu.

Aliyekuja kutafuta bonde la upole asiishie Rusizi. Kutoka Kamembe, mji wa Rusizi, lami inashuka kuelekea Bugarama, kama kilomita 40, ikikuacha karibu na mto Ruzizi ambapo Rwanda inafikia kimo chake cha chini kabisa, mita 950. Hapo ndipo tambarare halisi: mashamba ya mpunga, mifereji, na vijia vya juu ya tuta ambavyo gia yoyote inavimudu. Kamanyola iko ng'ambo, upande wa Congo. Wanaouliza kuhusu kuvuka na kuendelea hadi Uvira upande wetu: barabara ni tambarare kuliko zote za eneo hili, lakini hali ya usalama inabadilika kila wiki, waulize madereva wa siku hiyohiyo.

Ubaya wa Bugarama ni malori ya saruji kwenye mteremko, na joto. Ondoka Kamembe alfajiri, vaa kitu cha rangi kali, toka nje ya lami ukisikia lori nyuma yako kwenye kona. Ukilala huko, lala ndani ya chandarua. Kurudi, mimi sipandi mita zile zaidi ya mia tano juani. Basi dogo linabeba baiskeli juu ya paa ukilipia kama abiria: fungua pedeli (ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kulia), geuza usukani uwe sambamba na fremu, na weka kitambaa kati ya mkono wa gia na chuma cha paa.